Bonyeza Mshale wa Chini

Nilizima redio kwa heshima. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokumbuka, na mpaka leo kinaniudhi. Nilisikia ngoma na nyimbo za kilio zikija kutoka upande wa stage ya matatu, nikachungulia, nikaona pikapu imefungwa matawi mbele na wamama wamejifunga leso kiunoni. Nikasema moyoni, maskini, kuna watu wamefiwa. Kipande cha chapati kilichokuwa mdomoni nikakimeza haraka, maana si adabu kutafuna matanga yakipita. Sasa hayo matanga hayakupita. Yalisimama mlangoni pangu, na aliyekuwa anatafutwa ni mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, la sivyo na wewe utadhani niliiba.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Kabiro, huku Kawangware. Nimezaliwa Kibera, mtaa wa Raila, na kazi hii niliijua kwa kuharibu mashine za watu mpaka nikachoka kuziharibu. Wateja wapya huingia, wananitazama, wanauliza, "Fundi ako wapi?" Mimi huwajibu, "Fundi amekufa, ongea na mimi." Mdomo ninao, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa ulimi ukitangulia.

Ukuta kwa ukuta nami kuna mama wa chapati. Huyu hakuwa jirani tu. Ufunguo wangu wa pili ulikuwa kwake. Nilipougua malaria, ni yeye aliyeniletea uji na akakaa mpaka nikaumaliza, akinitisha na mwiko. Anapikia stovu ya mafuta taa, na mafuta yake huyaweka kwenye jerikeni ya bluu ambayo kifuniko chake kilipotea zamani, akaiziba na gunzi la mahindi. Kwa hivyo chapati zake zina harufu ya mafuta taa, kidogo tu, ukizoea huisikii. Nilikuwa nikimtania, "Mama, leo umenikaangia na petroli?" Naye hunijibu, "Wewe kula, ndio minyoo ikutoke."

Kitu kingine lazima ukijue, maana ndicho kilichonitia matatani. Huku kwetu hakuna anayemwamini fundi. Mtu akileta kompyuta, kwanza anaenda kwa dada yake kuomba rangi ya kucha, anapaka tone juu ya skrubu za chini, anaacha ikauke, ndipo anakuja. Akirudi kuichukua anaigeuza na kuangalia. Rangi ikiwa imekatika, basi fundi ameifungua na kumbadilishia vitu vya ndani. Haulizwi. Rangi imesema, yamekwisha.

Huyu mteja alikuwa jamaa wa Kambi Muru, kule Kibera, mchomeleaji wa madirisha na milango ya chuma, na Jumapili anapiga video za kwaya ya kanisa lao. Mtu mpole, mikono imeunguaungua, ananiita siste. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba na nzito ajabu. Ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji, ukirudi bado inazungusha kale kaduara. Alitaka windo nyepesi ya kukatia video zake. Huku kila mfumo wa kompyuta unaitwa windo, uwe wa kununua au wa bure, mteja anasema tu, "Fundi, nipigie windo." Lakini huyu aliiwekea kompyuta mkono juu, kama mtu anayetuliza mtoto, akaniambia, "Siste, tafadhali, usifute kitu. Mathe yangu ako huko ndani."

Mama yake alikuwa amelazwa hospitali, hali mbaya. Picha zake zote, pamoja na video ya Krismasi nyumbani magharibi, zilikuwa mle na hazikuwa kwingine, kwa sababu simu aliyozipigia ilinyakuliwa akitembea.

Nikamwambia nitampigia windo mbili. Ile ya zamani ibaki mahali pake na mama yake ndani, nisiiguse. Pembeni nikate nafasi niweke nyingine, mpya, nyepesi. Ni kama tunavyogawa chumba kwa pazia, wazazi huku na watoto kule, nyumba ni ile ile. Akiwasha, kompyuta itamuuliza anaingia wapi, na itamngoja sekunde kumi. Asipojibu, itajifungulia ile mpya yenyewe, maana ndiyo niliyoiweka juu.

Kazi ilikwenda vizuri. Na kwa sababu mimi sipendi kurudisha kitu kichafu, niliifungua nikapuliza vumbi lililokuwa limejaa kwenye feni. Niliona tone jekundu likikatika kwenye skrubu, nikacheka. Nikasema nitamwambia akija.

Akaja. Nikaiwasha mbele yake. "Sikiza vizuri, mimi sirudiangi," nikamwambia. "Ukitaka kuona mathe, bonyeza mshale wa chini, alafu enter. Usipobonyeza, kitu itafunguka ni ile mpya, na haina kitu ndani. Umeshika? Na hizi skrubu—"

Simu yake ikalia. Alisikiza, na nikaona uso wake ukiondoka, sijui niseme vipi, uso ulibaki lakini mwenyewe akawa hayupo. Akafunga kompyuta, akaitia kwapani.

"Ngoja, sijamaliza!" nikaita. "Chaja yako!"

Hakugeuka. Nilijua mama amekufa. Chaja nikaiweka kwenye rafu, nikasema atairudia.

Yaliyotokea Kambi Muru niliyajua baadaye. Wafiwa walikuwa wamekusanyika, na kabla ya kusafirisha mwili walitaka picha kubwa ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Jamaa akaiwasha kompyuta mbele ya ukoo mzima. Betri yake ilikuwa inashika dakika chache tu. Sekunde kumi zikapita yeye akipangusa machozi, na ikafunguka ile mpya, safi, tupu. Hakuna mama. Akatafuta, akatafuta, mpaka betri ikakata. Mtu akamwambia aigeuze. Wakaiona rangi ya kucha imekatika. Mwingine akauliza, na chaja iko wapi? Basi. Nilikuwa nimemwibia mama yake, na chaja juu.

Sasa turudi mlangoni. Jamaa alishuka kwenye pikapu wa kwanza, nami nilikuwa nimeshaanza kusema pole. Sikumaliza. Alinizaba kofi, kichwa kikagonga mlango wa bati.

"Mathe yangu ako wapi?"

Nami, mjinga, nikajibu, "Si amekufa?"

Wueh! Alinikamata nywele, akazizungusha mkononi, akanivuta juu ya kaunta kama gunia. Mimi nami sina breki. Mtu akinipiga, mkono wangu hurudi kabla ya akili. Nilimrudishia kofi, nikamwongezea na kibodi iliyokuwa karibu, vifungo vikaruka kama bisi. Damu ikamtoka puani. Nilifurahi kuiona, sitadanganya.

Hapo ndipo mtu nyuma yake akasema lile neno. Hakupaza sauti hata. Alisema tu, "Ni mwizi huyu." Wa pili akalirudia kwa nguvu kidogo. Wa tatu akapiga ukelele, na kutoka hapo neno halikuwa tena la wafiwa. Lilikuwa la barabara nzima. Watu wa bodaboda waliacha pikipiki zimelala. Kutoka kwa kinyozi akatoka mwanamume amefungwa kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, upande wa pili bado. Huyo hakuuliza nimeiba nini. Aliinama akaokota jiwe.

Walinishika miguu wakaniburuta nje. Teke la kwanza lilinipata mbavuni, pumzi ikakatika, nikawa nafungua mdomo na hakuna kinachoingia. Jiwe likanipasua juu ya nyusi, jicho likajaa damu. Nilijaribu kujiinua kwa mkono wa kulia, na mguu wa mtu, kiatu cha kazi kizito, ukaukanyaga na kuusokota kama anayezima sigara. Vidole vikavunjika. Nilivisikia kwa masikio kwanza, maumivu yakaja nyuma. Nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo. Kwa jicho moja nilikuwa naona kibanda changu. Walikuwa wanavunja rafu, na watu waliokuja kuadhibu wizi walikuwa wanatoka na monita za wateja wangu mabegani.

"Mafuta! Leteni mafuta!"

Nilimwona mama wa chapati akija. Haki ya Mungu nilifurahi. Nilisema, sasa nimepona, huyu atawaambia ananijua. Alipita katikati ya watu na jerikeni yake ya bluu. Akachomoa gunzi, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akamnyooshea yule wa nusu kichwa jerikeni. Macho yetu yalikutana. Hayakupishana haraka, yalikutana na yakakaa.

Watu huniuliza kama niliogopa. Wakati huo sikuogopa. Niliona aibu, na mpaka leo sijui aibu ile ilikuwa yangu au yake.

Ndipo mama mmoja mzee wa yale matanga akaja akisukuma watu kwa viwiko. Alikuwa dada wa marehemu. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Ngojeni!" akasema. "Kama ameiba dada yangu, amrudishe kwanza. Mkishamuua mtamuuliza nani?"

Usidhani alinihurumia. Uso wake haukuwa na huruma hata tone. Alitaka dada yake, na mimi ndiye niliyemficha. Lakini watu waliacha kupiga, maana hata mwenye hasira hujua kumuuliza maiti ni kazi bure.

"Ako ndani," nikasema kwa meno. "Hajatoka. Chaja iko kwa rafu. Ni mshale wa chini tu."

Walidhani naweweseka. Yule mama mzee akaagiza chaja itafutwe. Soketi yangu walikuwa wameshaing'oa, kwa hivyo wakanikokota mpaka kwa mama wa chapati, ambaye ana soketi moja ya kuchajia simu. Kompyuta waliyokuja nayo ikawekwa juu ya kibao chake cha kusukumia, katikati ya unga. Mtu akanishika shingo kwa nyuma. Jamaa wa Kambi Muru akaiwasha mwenyewe.

Orodha ya windo mbili ikatokea. Kumi, tisa, nane. Nikanyoosha mkono wa kushoto, kidole kikiwa kimelowa damu, kikateleza kwenye kitufe. Nikajaribu tena. Zikaisha. Ikafunguka ile mpya, safi, tupu, na picha yake nzuri ya milima ambayo mimi ndiye niliyeichagua.

Umati ukanguruma. Nikapigwa konde la kisogo, pua ikazama kwenye unga. Kitu baridi kikamwagika begani na kuteremka mgongoni, na harufu yake niliijua, nilikuwa nimeila kila asubuhi. Hapo sasa niliogopa. Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka, na sioni haya kusema, angekuwa yeyote ungemtoka.

"Tena," akasema yule mama mzee.

Wakaizima, wakaiwasha. Kumi. Tisa. Safari hii sikutumia ncha ya kidole. Nilikunja ngumi nikabonyeza mshale kwa kifundo, unga ukaruka. Mstari ukashuka. Nikabonyeza enter.

Kaduara kakaanza kuzunguka.

Umesahau? Hii ndiyo ile nzito. Uvivu wa mashine uliomleta kwangu ndio sasa ulikuwa unaniua. Kalizunguka, kakazunguka. Nyuma ya sikio langu mtu alikuwa anatikisa kiberiti, cha-cha, cha-cha, polepole, mtu asiye na haraka. Niliitukana ile mashine kimoyomoyo matusi yote ya mtaani kwetu Raila, nikamaliza, nikaanza kuibembeleza. Fungua, mama. Fungua, tafadhali, mama yangu. Skrini ikawa nyeusi. Kuna aliyecheka. Kisha ikawa na rangi.

Alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya udongo, kuku kwapani, pengo mbele, akimcheka aliyekuwa anampiga picha.

"Huyo," akasema dada yake. Akaketi chini pale pale kwenye makaratasi ya chapati, na kilio kilichomtoka kikafanya hata walioshika mawe wavue kofia.

Jamaa akafungua video, nadhani bila kujua afanyalo. Sauti ya mama yake ikajaa kibandani, Kiluhya cha mtu aliyezoea kuita kutoka jikoni. Alikuwa anamwambia mwanawe aache mchezo, aingie ndani ale, chakula kinapoa. Kijana akaweka paji la uso kwenye skrini.

Mkono uliokuwa shingoni mwangu ukaniachilia. Kiberiti kikanyamaza. Nikasikia mtu wa bodaboda akisema, "Kumbe," na pikipiki zikaanza kuwashwa, moja baada ya nyingine. Yule wa nusu kichwa aliweka jerikeni chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye kile kitambaa cha shingoni, akarudi kwa kinyozi kumaliziwa.

Jamaa wa Kambi Muru alipiga magoti. "Siste," akasema. "Siste, sikujua. Rangi ilikuwa imekatika."

"Nilikwambia ungoje."

"Mathe alikuwa amekufa, siste."

Nilitaka kumtemea mate usoni, na mate ninayo, ni damu tu iliyokuwa imejaa mdomoni. Kisha akaniomba, huku akiangalia chini, kama ningeweza kumtolea ile picha ya kuku kwa flash, maana gari lilikuwa linangoja kuondoka na mwili. Hebu fikiria! Mgongo wangu umelowa mafuta taa, vidole vimegeuka rangi ya bilinganya, na mtu ananiomba kazi. Nilimtolea. Kwa mkono wa kushoto, polepole, nikiacha alama nyekundu kwenye vitufe. Si kwa ajili yake. Yule mama wa kwenye picha alikuwa anacheka na hakuwa amemkosea mtu.

"Sasa toka," nikamwambia. "Enda uzike."

Waliondoka na ngoma zao. Baada ya mazishi alinitumia kuku kutoka nyumbani, mzima, amefungwa miguu. Nilimrudisha na huyo huyo aliyemleta. Msamaha ni wa Mungu, mimi nina vidole viwili ambavyo havikunji. Na siku hizi nikimpigia mtu windo mbili, naziondoa zile sekunde kumi. Kompyuta ingoje mpaka mtu achague mwenyewe, hata kama itangoja mwaka mzima.

Lakini nilichotaka kusimulia hasa ni asubuhi ya kesho yake.

Nilikuja kufungua. Kufungua nini, sijui, mlango wenyewe ulikuwa umelala chini. Mkono ulikuwa kwenye plasta, jicho limefura. Nikakuta mbele ya kibanda kumefagiliwa, vioo vimekusanywa pembeni. Yeye alikuwa kwenye stovu yake, anageuza chapati, na chini ya meza ilikuwa jerikeni ya bluu. Gunzi lilikuwa limerudi mahali pake.

"Sasa, fundi," akasema. "Umeamkaje? Woi, ona vile walikufanya. Watu wa huku ni wabaya."

Nilisimama mbele yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakutuambia cha kukiambia ukikutana nacho asubuhi.

"Mama," nikamwambia, "jana gunzi ulitoa ya nini?"

Aligeuza chapati. Akaibonyeza kwa kijiko, ikafura, akaibonyeza tena.

"Walisema ni mwizi," akajibu. "Ningejuaje ni wewe?"

"Si ulikuwa unaniangalia kwa macho?"

Akanyanyua uso. Na mama huyu, aliyewahi kuninywesha uji, akaniangalia vile vile alivyoniangalia jana, kisha midomo ikaanza kumtetemeka.

"Nilikuwa naangalia mwizi," akasema.

Akafunga chapati mbili kwa gazeti, kama kila siku, akanisukumia mkononi, ule mzima. Zilikuwa moto.

"Kula," akasema. "Zinapoa."

Nilikuwa sijala tangu jana. Nikaketi kwenye mlango wangu ulioanguka, nikazila zote mbili kwa mkono wa kushoto. Zilikuwa na harufu ya mafuta taa, kidogo tu, kama siku zote.